Maji Mapya, Ute wa Zamani

Niliweka kidevu pale aliponionyesha Lualhati,
paji la uso nikaliegemeza kwenye ukanda wa plastiki,
na mashine ikanipuliza jicho pumzi moja, fyuu,
kama mtoto azimaye kibatari kwa utundu.
Nikaruka. Kila mtu huruka, akasema, akaandika namba.

Ishirini na nane.
Nje, Winnipeg, ilikuwa thelathini chini ya sifuri.
Siku hiyo namba zote zilinigeuka.

Dakta Thorvaldson hana haraka. Ana jicho la plastiki
kubwa kama danzi, hufunguliwa vipande vipande,
na kipande kimoja kimepotea tangu hajaajiriwa yeye.
Hapa mbele, akasema, nyuma ya kioo, kuna maji.
Si machozi. Machozi ni ya nje, ya baridi na vitunguu na misiba.
Haya ni ya ndani, maangavu, ukiyahesabu ni matone matano tu.
Nikacheka moyoni: maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Yanachujwa kutoka damuni, na rangi yanaiacha hukohuko,
yanapenya tundu la mboni
yakibebea chakula kioo na lenzi,
maana viwili hivyo havina hata mshipa mmoja wa damu;
mshipa ungeziba mwanga.
Vinalishwa kwa maji, kama mgonjwa kwa uji.
Kisha yanatokea pembeni, kwenye kichujio chembamba,
na kila saa moja na nusu, au zaidi kidogo,
yote yameshakuwa mengine.

"Wako mfereji unatoa polepole.
Bomba halijafungwa, sinki linajaa."

Masinki nayajua. Nimeyasugua miaka tisa,
ghorofa nne za jengo la bima, barabara ya Portage;
najua ukumbi unavyonuka siku maji yakigoma kushuka.
Lakini jicho halifuriki. Halina pa kumwagia.
Linasukuma nyuma, taratibu,
kwenye mshipa unaopeleka picha kichwani,
na kuona kunanyauka kuanzia kingoni.
Huhisi kitu. Hakuna hata maumivu ya kukuamsha.

Hapo nikamwona mama, Kasulu,
akigonga bega kwenye mwimo wa mlango aliouzoea,
akisubiri sauti ya mtu kabla ya kumtaja jina.
Tulisema mtoto wa jicho. Tulisema uzee.
Jirani mmoja alisema jambo jingine
na kwake hatukula tena.
Kumbe pengine yalikuwa haya: matone matano
yasiyojua njia ya kutokea.

Nikauliza kuhusu vinyuzi. Vile nivionavyo nikitazama theluji,
vya kijivu, vinavyokimbia ukivikodolea.
Akalifungua danzi lake hadi nyuma kabisa.
Huku kuna ute, akasema, mzito kama ute wa yai,
ndio unaolishika jicho libaki mviringo,
ndio unaouegemea utando wa nyuma usibanduke.
Huo haubadilishwi. Uliozaliwa nao ndio utakaozikwa nao.
Unazeeka tu, unalegea, unajikunja,
na mikunjo yake ndiyo vivuli hivyo.
Ukiona miale kama ya radi, au giza likishuka upande mmoja,
njoo siku hiyohiyo. Usingoje kupata ruhusa kazini.

Nikatoka na chupa ndogo: tone moja kila jicho, usiku.

Kituoni basi lilichelewa. Machozi yakaganda,
kope zikashikana, nikazipasha kwa kiganja hadi zikaachia.
Maji ya mbele ni ya hapa, nikawaza,
yametokana na chai ya asubuhi, bomba la jikoni kwangu,
na kabla sijafika nyumbani yatakuwa mengine.
Lakini nyuma yake nimebeba ute uleule
uliofinyangwa tumboni mwa mama,
uliovuka mpaka na viwanja vitatu vya ndege
bila mtu kuuliza stakabadhi zake.
Taa zikatokea mbali, mwanga ukapita mapya, ukapita ya kale,
nikasoma namba: kumi na nane.

Si langu.
Nikangoja.